Umevunjika mtulinga kwa baiskeli? Namna ya kujiuguza mpaka urudi barabarani

Kwa sisi watu wa baiskeli kuna mifupa miwili inatuandama, kifundo cha mkono na mtulinga, ule mfupa mwembamba uliolala mbele ya bega chini ya shingo. Kifundo kinavunjika ukiweka mkono chini kujikinga, mtulinga unavunjika pale umerushwa ukatua na bega, uzito wote unaishia kwake na unakatika, mara nyingi kabisa hapo katikati. Nitaongelea mtulinga kwa sababu ndio ninaoujua, wangu mwenyewe na wa wenzangu ninaoendesha nao, ila mengi humu yatakufaa hata kama kilichovunjika ni kifundo au kiwiko.

Kuna jambo moja naliweka mbele kabisa maana ndo linaloponza watu. Hospitali utaambiwa wiki sita. Basi mtu anahesabu kwenye kalenda, wiki ya sita ikitimia asubuhi hiyo hiyo baiskeli iko nje inajazwa upepo. Wiki sita ni makadirio ya mfupa wa mtu mzima kuanza kushikana vizuri, wengine wanaenda wiki nane, kumi, hata kumi na mbili (watoto wao wanawahi sana, wiki tatu mpaka sita wanacheza). Lakini baiskeli haikuulizi umekaa nyumbani muda gani. Inakuuliza mkono unaweza kubeba kifua chako ukiegemea usukani? Unaweza kukamata breki ghafla kwa nguvu? Tairi likidumbukia shimoni unaweza kuuzuia usukani usigeuke? Hayo yana majaribio yake, nimeyaweka kule chini. Kalenda inakuambia usianze kabla ya lini, haikuambii anza.

Hapo hapo chini ulipoanguka

Usikurupuke kusimama, na wale wasamaria wema watakaotaka kukuvuta kwa mkono wakatalie. Kichwa na shingo kwanza. Kama ulizima hata sekunde chache, unaona mawili mawili, unatapika, au shingo inauma nyuma katikati, lala hapo hapo mpaka upate msaada wa kueleweka, bega litasubiri. Kama huko kuko salama ondoka barabarani.

Mtulinga uliovunjika huwa unajitangaza wenyewe. Utajikuta umeshika kiwiko cha upande ulioumia kwa mkono mzima bila mtu kukuambia, bega limeshuka na limeingia mbele, na ukipitisha kidole taratibu juu ya mfupa unakutana na kinundu au pengo linalouma balaa. Ukishaliona inatosha, usianze kulibonyeza bonyeza kuonyesha kila anayekuja.

Sasa hapo tafuta kanga. Hamna kifaa cha huduma ya kwanza kinachopatikana haraka kama kanga kwenye nchi zetu, na uzuri inauzwa doti, mbili, na zote mbili zina kazi. Ya kwanza ikunje kwa mshazari ipate umbo la pembetatu, ipitishe chini ya mkono ulioumia iushike kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole, ncha zipande juu na fundo likae pembeni ya shingo upande ule MZIMA, sio juu ya mfupa uliovunjika maana utalia. Kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko, na vidole vibaki nje vionekane ili muweze kucheki rangi yake njiani. Ya pili ikunje iwe kama mkanda mpana, izungushe kifuani kupita juu ya mkono na kombeo lake, ifungwe kwapani upande wa pili, isikaze hadi ushindwe kupumua. Hiyo ndo itakayokuokoa kwenye matuta maana mkono hautacheza. Panda bajaji au gari, bodaboda hapana, jamani hapana.

Kuna dalili ambazo hutakiwi kupitia zahanati ya mtaani kwanza, unaenda moja kwa moja hospitali kubwa: mfupa umetoboa ngozi au unaisukuma kwa ndani mpaka ngozi imekuwa nyeupe na imekaza, vidole vimekufa ganzi au vimekuwa vya baridi au vimebadilika rangi, au unapumua kwa shida na kifua kinachoma kila ukivuta hewa. Nyuma ya mtulinga kunapita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu ya mkono mzima, na pafu haliko mbali, sio mahali pa kusema ngoja tuone kesho.

Kama umegongwa na gari au pikipiki, kwa Tanzania utahitaji PF3 ya polisi, Kenya ni P3. Ukiwa hoi huduma ya dharura ianze kwanza na ndugu aende kituoni kufuata fomu, ila isisahaulike, na mtu apige picha namba ya chombo kilichokugonga kabla hakijaondoka, bila hivyo habari ya bima utaisikia kwa wenzio.

Ukifika hospitali

Utapigwa eksirei. Ile filamu ukipewa iweke dirishani penye mwanga upige picha kwa simu ubaki nayo, filamu zinapotea, zinajikunja, na daktari wa mara ya pili atataka kulinganisha. Alafu usiondoke na neno "umevunjika" tu, uliza: ni katikati au mwisho wa upande wa bega, na vipande vimeachana kiasi gani? Majibu ya hayo ndo yanaamua kila kitu kinachofuata.

Watu wengi wanashangaa mbona hawajafungwa P.O.P, ile plasta ngumu. Mtulinga haufungwi P.O.P, huwezi kuzungushia plasta shingoni na begani ikashika, kazi ni ya kombeo tu na mwili unaunga wenyewe. Zamani walikuwa wanafunga bandeji ya namba nane inayovuta mabega nyuma, na wapo wanaoendelea kufunga, ila zilipolinganishwa ikaonekana mfupa unaunga sawa tu na kombeo halisumbui kama bandeji inavyosumbua, yani tofauti ni kwamba bandeji inachana kwapa na kombeo halichani. Ukipewa kombeo usijione umedharauliwa.

Upasuaji unakuja pale vipande vimepishana kabisa, mfupa umefupika kama sentimita mbili hivi, umesagika vipande vingi, au ngozi iko hatarini. Wanaweka bamba la chuma na skrubu. Faida yake ni kwamba uwezekano wa mfupa kugoma kuunga unapungua na watu wengi wanarudi kwenye shughuli mapema kidogo. Hasara, una kovu, kuna hatari ya vidonda kuingia wadudu, ngozi ya chini ya kovu inaweza kubaki na ganzi, na kwa watu wembamba kama waendesha baiskeli wengi walivyo bamba linasikika chini ya ngozi na mkanda wa begi unalikwangua. Mimi msimamo wangu, kama daktari wa mifupa kasema inaweza kuunga bila kisu, usimsumbue akupasue ili uwahi mashindano. Na kama kasema pasua, usizunguke mwezi mzima kutafuta mtu wa kukuambia tofauti maana mfupa uliokaa vibaya wiki nyingi ni kazi ngumu zaidi kuurudisha. Kwa hapa kwetu Tanzania ukipewa rufaa mara nyingi ni MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza kutegemea uko wapi.

Naona watu wanajilinganisha na wale waendesha baiskeli wa kulipwa wa kwenye TV. Ni kweli Armstrong alivunja mtulinga Machi 2009 kule Hispania akawekewa bamba na skrubu 12, na Mei akaanza Giro d'Italia, yale mashindano makubwa ya Italia. Ni kweli Tyler Hamilton alimaliza Tour de France ya 2003 akiwa wa nne na mtulinga umepasuka. Wote wawili walikuja kukiri wenyewe kwamba walikuwa wanatumia dawa za kuongeza nguvu, kwahiyo hebu tuwaache. Bora uangalie Cavendish, alianguka Tour de France ya 2023 etapu (mbio za siku moja ndani ya mashindano) ya nane akavunja mtulinga akaenda nyumbani, akarudi Julai 2024 akashinda etapu yake ya 35, rekodi. Au Froome, mzaliwa wa Nairobi huyu, Juni 2019 alivunja paja, kiwiko na mbavu kwenye mazoezi tu ya kukagua njia, Februari 2020 alikuwa ameshasimama kwenye mstari wa kuanzia UAE Tour. Mifupa iliunga, lakini yule Froome wa zamani hakuonekana tena, na huyo alikuwa na timu nzima ya madaktari. Mfupa na nguvu ni hesabu mbili tofauti.

Kuhusu kuchuliwa

Hii lazima niiseme maana itatokea. Siku ya pili au ya tatu atakuja mtu mzima wa familia na chupa ya mafuta, au ataletwa mzee anayeunga mifupa. Wanakuja kwa upendo na wengine kweli wana mikono yao kwa misuli iliyokaza, lakini mtulinga mbichi ukichuliwa au ukivutwa, ncha za mfupa zinatembea, na nimeshasema nyuma yake kuna nini. Maji ya moto nayo siku mbili tatu za mwanzo yanaongeza uvimbe, hapo kinachotakiwa ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 mpaka 20, unatoa, unarudia baadae.

Kukataa kuna adabu yake. Usibishane na mkubwa. "Shikamoo bibi. Asante kwa kuja kuniona. Daktari amesema pasiguswe mpaka nipige picha ya pili, ila bibi ukinikanda huku mgongoni na shingo upande huu utakuwa umenisaidia sana, maana nalala vibaya." Na kwa kweli shingo inakuwa imekaza kweli kweli kwa ajili ya kombeo, kwahiyo bibi anafanya kazi yake, wewe unapata nafuu na mfupa unabaki salama.

Wiki mbili za mwanzo

Hizi ndo ngumu, na ugumu wenyewe sio maumivu ya mchana, ni usiku. Ukilala chali kabisa bega linarudi nyuma mfupa unavutika. Lala nusu umekaa, mito mitatu minne au godoro likunjwe kichwani, na kamto kadogo au shuka iliyokunjwa chini ya kiwiko ili mkono usining'inie nyuma. Wengine wanalala kwenye kochi wiki nzima na hamna ubaya.

Kuvaa: mkono mbovu unaingia kwanza kwenye nguo na unatoka wa mwisho. Mashati ya vifungo mbele, tisheti zisubiri. Kuoga vua kombeo, inama kidogo mbele mkono ujiachie wenyewe uning'inie utoke mwilini, hapo ndo unapata nafasi ya kuosha kwapa bila kuunyanyua. Kausha vizuri alafu weka kitambaa cha pamba kikavu kwapani kabla ya kurudisha kombeo, kwa joto la Dar au Mombasa usipofanya hivyo wiki haiishi una upele na vidonda vya jasho vinauma kuliko mfupa.

Vidole, kifundo na kiwiko vinatakiwa kufanya kazi tangu siku za mwanzo. Mara kadhaa kwa siku toa mkono kwenye kombeo, kiwiko kiwe karibu na mbavu, nyoosha na ukunje kiwiko, zungusha kifundo, fumba na ufumbue ngumi. Watu wanaacha hili kwa uoga, baada ya mwezi mtulinga umeshika lakini kiwiko hakinyooki. Bega lenyewe hulinyanyui, na usibebe kitu kizito kuliko kikombe cha chai.

Dawa, paracetamol ndo ya kuanzia. Hizi diklofenaki na ndugu zake zinazouzwa kama pipi kila duka la dawa usizile kiholela wiki na wiki, zinachoma tumbo, zinasumbua figo, na kwenye mfupa unaounga bado wataalamu wanabishana, kwahiyo atakayekuandikia awe daktari na kwa siku alizosema yeye.

Chakula sasa. Kila anayekuja kukuona ataleta supu ya makongoro na atakuambia mifupa inaunga mifupa. Kunywa, tamu, ina protini, ila kalsiamu iliyomo kwenye mchuzi ni kidogo kuliko tunavyodhani, mfupa hauyeyuki hivo kwenye maji. Kalsiamu iko kwenye dagaa, wale unaowala na mifupa yao, kwenye maziwa na mtindi, na kwenye sukuma wiki. Mchicha ni mzuri kwa mengine lakini kalsiamu yake nyingi inafungwa humo humo mwili haiipati. Ongeza mayai, maharage, samaki, maana mfupa mpya unaanza kama nyama nyama laini ndo baadae unakuwa mgumu, unataka protini kwanza. Jua la kawaida kila siku usijifungie ndani. Na sigara, ndugu yangu, kama kuna sababu ulikuwa unaisubiri ya kuacha ndo hii, wavutaji mifupa yao inagoma kuunga zaidi, na shisha usijidanganye kwamba haihesabiki.

Wiki ya tatu na kuendelea

Karibu na wiki ya pili unarudi kupiga picha kuona kama vipande vimehama. Usiikwepe hii kwa sababu maumivu yamepungua, ikionekana vimehama sana ni heri ijulikane sasa.

Daktari akiruhusu unaanza kuliamsha bega. La kwanza: simama, shika meza kwa mkono mzima, inama, mkono unaoumwa uning'inie wenyewe, alafu tikisa mwili taratibu mkono uzunguke miduara midogo, unaendeshwa na mwili sio na misuli ya bega. Baadae unasimama mbele ya ukuta unatembeza vidole kupanda juu, unaishia panapoanza kuvuta, usivuke usawa wa bega mpaka karibu wiki ya sita au mpaka uambiwe. Kama unaweza kuwaona watu wa fizio hata mara chache nenda, wakuonyeshe alafu ufanye nyumbani.

Miguu hiyo muda wote haina sababu ya kulala. Tembea, panda ngazi, chuchumaa inuka. Baiskeli ya jimu iliyosimama pale pale inafaa maumivu yakishatulia na daktari akikubali, ila ukae wima, mkono uko kwenye kombeo, hauegemei usukani hata kidogo, na uangalie wakati wa kupanda na kushuka, hapo ndo mtu anajishika ghafla kwa mkono mbovu. Baiskeli ya barabarani bado. Sio kwa sababu mfupa utakatika kwa kukanyaga pedali, ni kwa sababu ukianguka tena juu ya mfupa laini unarudi mwanzo na safari hii unaenda kupasuliwa.

Utaona kadonge kamejitokeza pale palipovunjika. Ndo mfupa mpya huo, unajizungushia. Utapungua kwa miezi na miezi, kwa wengine hauishi kabisa na hausumbui.

Majaribio kabla ya kutoa baiskeli nje

Sharti la kwanza sio lako, ni la picha na mkono wa daktari: anabonyeza pale palipovunjika hapaumi, hapachezi, na picha inaonyesha mfupa umeshikana. Baada ya hapo jipime mwenyewe kwa mpangilio huu, na ukifeli moja unakaa hapo siku kadhaa, hurukii inayofuata.

Nyanyua mikono yote miwili juu kabisa mbele ya kioo. Mmoja ukichelewa au bega likapanda kuelekea sikioni, bado.

Piga pushapu za ukutani. Zikiwa rahisi shuka kwenye meza imara, kisha kwenye kiti au kitanda. Pushapu za chini sakafuni sio lazima uzimudu nyingi lakini mkao wake, mikono imenyooka umebeba mwili, uweze kukaa nusu dakika bila maumivu ya kuchoma kwenye mfupa. Huo ndo mkao wa kuendesha baiskeli ukiwa umezidishwa kidogo, ukiumudu chini usukani hautakushinda.

Alafu hii ambayo hakuna hospitali itakupima. Mpe mtu akushikilie baiskeli kwa nyuma, au iegemeze, kaa juu, shika usukani, mwenzio aupige teke dogo tairi la mbele kwa pembeni wakati hujajiandaa. Mkono ukiachia au ukashtuka kwa maumivu, shimo la kwanza litakuangusha. Hapo hapo bana breki zote mbili kwa nguvu zako zote mara nyingi mfululizo usikie kama kiganja kinachoka upande mmoja. Kiganja kilichokaa kwenye kombeo kinalegea kuliko unavyodhani, lipira gumu au soksi zilizokunjwa ukizifinya jioni ukiangalia taarifa ya habari zinasaidia.

Baiskeli nayo iliumia

Imekaa kona ile wiki zote hamna aliyeigusa. Mpelekee fundi kabla hujaipanda. Acheki foku na fremu pale zinapoungana kama kuna nyufa au rangi iliyokunjamana, usukani kama umepinda, ringi kama inayumba, na kile kichuma kinachoshika gia ya nyuma maana ukianguka upande wa kulia kinapinda kwa ndani, siku utakayoweka gia kubwa ya kupandia kilima cheni inaingia kwenye spoku. Helmeti iliyopiga chini inatupwa hata kama haina ufa unaoonekana, povu lake la ndani linabonyea mara moja tu na limeshafanya kazi.

Breki sasa. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani breki ya mbele iko mkono wa kulia, zile za Ulaya bara mara nyingi iko kushoto. Breki ya mbele ndo inayosimamisha baiskeli hasa. Kama ipo upande wa mkono ulioumia mwambie fundi abadilishe waya ziende kinyume, ni kazi ndogo, alafu jizoeshe kwanza uwanjani usije ukabana ya mbele ukidhani ya nyuma ukapitiliza kichwa mbele. Pandisha usukani juu kidogo kuliko ulivyozoea, mzigo utahamia kwenye kiti. Upepo punguza kidogo, sio mpaka ringi iguse chini, na kama fremu yako inapokea tairi pana zaidi weka, mtetemo wote wa barabara unaishia kwenye ule mfupa.

Kurudi

Anzia uwanja wa mpira au eneo la wazi lisilo na magari. Kupanda na kushuka, kusimama ghafla, kuachia mkono mmoja kuonyesha ishara, kugeuza kichwa kuangalia nyuma. Hilo la kugeuza kichwa ndo linawashangaza watu, shingo ya upande ule imekaza na usipoweza kuangalia nyuma bila baiskeli kuyumba huna kazi na barabara kuu.

Barabarani toka Jumapili asubuhi mapema, lami iliyonyooka, bila begi mgongoni. Kwa Dar upande wa Kigamboni unafaa ila jihadhari na mchanga uliomwagika pembeni ya lami, huo ndo unalaza watu. Endesha mpaka mkono uanze kuchoka, sio mpaka miguu ichoke, miguu itakudanganya. Kukaa kwenye kundi tairi kwa tairi, kusimama kwenye pedali kuvuta usukani kupanda mlima, njia za kokoto, vyote visubiri angalau mpaka miezi mitatu mitatu na nusu toka uvunjike, na mashindano baada ya hapo. Kudandia lori kupanda mlima sijui hata kama niseme, mkono mmoja umeshika lori ni mtulinga mmoja unavuta watu wawili, wewe na baiskeli yako.

Misuli ya shingo na juu ya bega kuuma jioni ni kawaida, kesho yake inapungua. Isiyo kawaida ni maumivu ya kuchoma pale pale palipovunjika, kusikia mfupa unalialia au unacheza ukisukuma kitu, au ganzi inayoshuka mpaka vidoleni. Na kama miezi mitatu imepita na bado panauma ukibonyeza, rudi hospitali na picha zako zote, huenda mfupa umegoma kuunga na hilo lina tiba, usilizoee.

Uoga nao upo, na unakaa kwenye mikono: utajikuta umeukaba usukani vidole vimekuwa vyeupe, na mikono iliyokakamaa ndo inapeleka mshtuko wa kila shimo moja kwa moja begani. Kila baada ya dakika chache kunja viwiko kidogo kwa makusudi na uchezeshe vidole juu ya breki. Ile sehemu ulipoangukia ipite kwanza kwa miguu mchana, angalia ni nini hasa kilikuangusha, mara nyingi ni kitu cha kueleweka kabisa, mfuniko wa mtaro uliokosekana au kona yenye mafuta ya bajaji, na ukishakijua unakipangia.

Waliowekewa vyuma, la mwisho lenu. Bamba likikusumbua linaweza kutolewa, kwa kawaida sio kabla ya mwaka hivi na ni daktari anaamua, wengi wanakaa nalo maisha. Ila likitolewa yanabaki mashimo ya skrubu kwenye mfupa na mpaka yajae mfupa ni dhaifu pale, kwahiyo miezi miwili mitatu unarudi kwenye lami iliyonyooka, tairi laini, peke yako bila kundi, na zile pushapu za ukutani unazianza upya.